Filamu na tamthilia za siasa za Korea Kusini: mwangalieni yule anayeletewa karatasi atie saini

#1 Mleta uzi

Wakuu salaam. Nyuzi za Kikorea humu haziishi, ila karibu zote ni za mapenzi, mazombi na wafalme wa kale. Wengi wetu tuliingilia mlango wa Jumong, tukapita City Hunter, tukaishia hapo. Leo naleta upande mwingine: mapinduzi, ujasusi, waendesha mashtaka, Bunge na Ikulu. Nitaandika kwa vipande. Nitataja hadi miisho ya hadithi, kwa hiyo asiyetaka kujua kabla hajaangalia aruke mapema.

Hoja yangu ni moja. Waandishi wa Korea wakitunga hadithi ya siasa hawamfuati sana mkubwa. Kamera inamfuata mtu wa ngazi ya kati: kanali, msaidizi wa mbunge, daktari wa zamu, mwendesha mashtaka, askari magereza. Rais yupo na majenerali wapo, lakini roho inakudunda pale huyu wa kati anapoletewa karatasi aisaini, au simu inapolia mezani kwake naye hajui anayemwamuru ni bosi halali au ni mwasi. Ukishaliona jambo hili kwenye filamu moja, utaliona kwenye zote.

Tuanze na usiku wa 26 Oktoba 1979, maana filamu nyingi zimechipuka hapo. Park Chung-hee alikuwa ameshika nchi tangu mapinduzi ya 16 Mei 1961. Mwaka 1972 alijitungia katiba mpya, ile ya Yushin, iliyomwezesha kubaki madarakani bila kikomo na kuteua theluthi nzima ya wabunge. Jioni hiyo alikuwa kwenye nyumba ya siri ya idara ya ujasusi, KCIA, mtaa wa Gungjeong-dong karibu na Ikulu. Mezani walikuwepo mkuu wa ulinzi wake Cha Ji-chul, na mkurugenzi wa KCIA mwenyewe, Kim Jae-gyu. Katikati ya chakula Kim akatoa bastola, akawapiga risasi wote wawili.

The Man Standing Next ya mwaka 2020, ya mwongozaji Woo Min-ho, inasimulia siku 40 za kuelekea risasi ile. Lee Byung-hun anacheza nafasi ya mkurugenzi, majina yakiwa yamebadilishwa kidogo. Anachofanya Lee humo ni kigumu sana: karibu filamu nzima hapandishi sauti, anameza, analainisha nywele, anasikiliza mwenzake akisifiwa mbele yake. Huoni shujaa wala shetani. Unaona mtu aliyetumikia mfumo kwa mikono yake mwenyewe, halafu akafika mahali ambapo hawezi kusaini tena.

Dakika zinazonishika kuliko zote ni zile za baada ya risasi. Kim yuko ndani ya gari pamoja na mkuu wa jeshi la nchi kavu. Waende wapi? Namsan, makao makuu ya KCIA, ambako kila mtu ni wake? Au makao makuu ya jeshi? Wanakwenda jeshini, na usiku huohuo anakamatwa. Alinyongwa 24 Mei 1980. Filamu inaishia barabarani, kwenye gari linalogeuza njia, na kwangu huo ni uamuzi sahihi wa mwongozaji kwa sababu historia ya miaka nane iliyofuata ilipindia kwenye kona ile. Jambo lenyewe bado bichi: Februari 2025 mahakama ya rufaa ya Seoul iliamua kesi ya Kim Jae-gyu isikilizwe upya.

Kuna filamu ya mapema zaidi kuhusu usiku huo, The President's Last Bang ya Im Sang-soo, 2005. Mtoto wa kiume wa Park aliishtaki, na mahakama ikaamuru vipande vya picha halisi za kihistoria viondolewe. Ikaonyeshwa kwenye kumbi huku sehemu zile zikiwa giza tupu.

#2 Mleta uzi

Naendelea. Baada ya Park kufa palibaki kiti kitupu, na aliyekikimbilia ni Meja Jenerali Chun Doo-hwan. Alikuwa mkuu wa usalama wa jeshi na ndiye aliyekabidhiwa uchunguzi wa mauaji. Nyuma yake alikuwa na Hanahoe, kundi la siri la maofisa waliobebana tangu chuo cha kijeshi. Usiku wa 12 Desemba 1979 wakamkamata mkuu wa jeshi la nchi kavu, Jenerali Jeong Seung-hwa, kwa kisingizio kwamba alihusika na kifo cha Park. Hawakuwa na idhini ya rais wa mpito, Choi Kyu-hah.

Hiyo ndiyo 12.12: The Day ya Kim Sung-su, iliyotoka Novemba 2023. Hwang Jung-min ni jenerali mwasi, Jung Woo-sung ni kamanda wa ulinzi wa mji mkuu anayebaki upande wa halali. Ilikata tiketi zaidi ya milioni 13 kwenye nchi ya watu milioni 51 hivi. Vijana waliozaliwa miaka 20 baada ya tukio walikuwa wakitoka ukumbini wanaweka mtandaoni picha za saa zao za mkononi zikionyesha mapigo ya moyo yalivyopanda kwa hasira.

Kinachowapandisha hasira ni simu, wakuu. Filamu ya zaidi ya saa mbili, na sehemu kubwa ni watu wameshika simu. Kikosi kimoja kinaamriwa kije Seoul, dakika chache baadaye kinaamriwa kirudi. Daraja linafungwa, linafunguliwa. Waziri wa ulinzi, ambaye sauti yake ingetosha kumaliza ubishi, ametoroka nyumbani kwake kwenda kujificha kwa Wamarekani. Kila kanali anabaki na swali moja: nimtii nani? Waasi wanashinda kwa sababu wao wanapigiana simu kama ndugu, na wale wa halali wanapigiana simu kwa kufuata taratibu, wanasubiri majibu, wanaambiwa wasubiri tena. Upande mmoja unathubutu hata kuvuta askari kutoka mpakani na Kaskazini. Upande wa pili unaogopa kumwaga damu.

Halafu kuna karatasi. Alfajiri ya tarehe 13, kila kitu kimekwisha, rais Choi analetewa hati ya kuidhinisha kukamatwa kwa Jenerali Jeong. Anasaini. Lakini pembeni ya saini anaandika tarehe na muda, saa 11 na dakika 10 alfajiri, ili ibaki kwenye kumbukumbu kwamba walikamata kwanza ndipo wakaomba ruhusa. Hilo alilifanya kweli. Mtu aliyeshindwa, hana kikosi hata kimoja mkononi, akaacha ushahidi kwa kalamu. Miaka ya 90 Chun na mwenzake Roh Tae-woo waliposimamishwa kizimbani, suala la idhini iliyokuja baada ya tendo lilikuwa na uzito wake.

#3 Mchangiaji, Dodoma

Mkuu, uzi mzuri, nafuatilia. Ila nina swali. Ni kiasi gani humo ni kweli na kiasi gani wametia chumvi? Isije mtu akaingia kwenye mtihani wa historia na majibu ya muvi.

#4 Mleta uzi

Swali la maana, mkuu. Chumvi ipo na inafaa kujua iko wapi.

Kwenye 12.12, lile tukio la karibu na mwisho la kamanda kukabiliana na waasi uso kwa uso kwenye vizuizi barabarani halikutokea hivyo. Lakini meja aliyebaki ofisini peke yake kumlinda kamanda wa kikosi maalumu, akauawa na askari wenzake, ni mtu wa kweli. Aliitwa Kim Oh-rang.

Kwenye A Taxi Driver ya 2017, ile ya Song Kang-ho anayempeleka mwandishi wa Kijerumani Jürgen Hinzpeter mjini Gwangju Mei 1980, jeshi lilipowaua waandamanaji huko, mbio za teksi za mwishoni ni za kutunga. Dereva mwenyewe pia. Filamu inatuonyesha mtu wa mtaani anayebabaisha Kiingereza, anakwenda kwa sababu ya nauli. Baada ya filamu kutoka, mtoto wa dereva halisi, Kim Sa-bok, alijitokeza akaeleza kwamba baba yake aliendesha gari la hoteli, Kiingereza alikijua, na aliujua vizuri mwelekeo wa nchi. Alifariki 1984. Hinzpeter alimtafuta miaka mingi, akafariki Januari 2016 bila kumpata, filamu ikatoka mwaka mmoja na nusu baadaye. Mimi nampenda zaidi dereva wa kweli kuliko wa filamu. Mtu anayejua anakoelekea na bado anawasha gari ana uzito mkubwa kuliko aliyejikuta huko.

Lakini picha za Hinzpeter ni za kweli. Zilitoka Gwangju zimefichwa, zikaonyeshwa Ujerumani Magharibi wakati magazeti ya Korea yamezibwa mdomo.

#5 Mleta uzi

Sasa nafika kwenye ile ninayoiweka juu ya zote: 1987: When the Day Comes, ya Jang Joon-hwan, 2017. Kama mna nafasi ya filamu moja tu, chukueni hii.

14 Januari 1987, Chun akiwa rais, mwanafunzi wa isimu wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Seoul, Park Jong-chul, alikufa mikononi mwa polisi kwenye jengo la Namyeong-dong. Walikuwa wanamzamisha kichwa kwenye maji wakimtaka ataje alipo rafiki yake. Jengo lile lina madirisha membamba kwenye ghorofa ya tano na ngazi za kuzunguka, ili anayepandishwa akiwa amefunikwa macho asijue amefika ghorofa ya ngapi. Leo ni makumbusho ya demokrasia. Polisi walitoa maelezo ambayo Wakorea hawajayasahau: askari alipiga meza kwa nguvu, kijana akashtuka, akafa.

Tazama hadithi inavyosafiri kutoka mkono hadi mkono. Daktari aliyeitwa kumwamsha kijana anaona sakafu imelowa maji, na waandishi wanapomuuliza anasema alichoona. Polisi wanataka maiti ichomwe usiku uleule. Mwendesha mashtaka anayeletewa karatasi anakataa kusaini, anataka uchunguzi wa maiti kwanza. Hapo ni Ha Jung-woo, anacheza kwa ukaidi wa mtu aliyechoka kutumwa. Mwandishi wa habari ananusa neno moja kwenye korido za ofisi ya mashtaka, kesho yake liko gazetini. Serikali inatoa polisi wawili kama kafara. Kule gerezani wawili hao wanalalamika kwamba kuna wengine watatu. Mwandishi aliyefungwa humo anasikia, anaandika vikaratasi, na askari magereza anavitoa nje vimefichwa. Vinawafikia mapadri. 18 Mei, kwenye misa ya kuwakumbuka waliouawa Gwangju, padri anasimama katika Kanisa Kuu la Myeongdong anasoma majina.

Hakuna hata mmoja kati yao aliyeijua picha nzima. Daktari hakumjua askari magereza. Mwendesha mashtaka hakujua kwamba vikaratasi vingeandikwa. Na wengi wao hawakuwa wanaharakati hata kidogo, walikuwa watumishi wa serikali ileile. Filamu haina mhusika mkuu mmoja, na wapo walioilaumu kwa hilo. Mimi naona hapo ndipo ilipo akili ya mwongozaji. Angempa mtu mmoja ushujaa wote, angedanganya kuhusu jinsi utawala ule ulivyoanguka.

Aliyewekwa upande wa pili ni mkuu wa kitengo cha kuwinda Wakomunisti, anachezwa na Kim Yoon-seok. Huyu amepewa historia yake: alikimbia kutoka Kaskazini, familia yake iliuawa mbele ya macho yake. Unaelewa chuki yake ilikotoka, na kuelewa huko hakumsafishi hata chembe.

Kisha 9 Juni mwanafunzi mwingine, Lee Han-yeol, anapigwa na kopo la gesi ya machozi kichwani mbele ya Chuo Kikuu cha Yonsei. Alifariki 5 Julai. Kabla hajafa barabara zilikwishajaa, wafanyakazi wa maofisini na tai zao wakiwa miongoni mwa waandamanaji, na 29 Juni Roh Tae-woo, mgombea wa chama tawala, alikubali rais achaguliwe moja kwa moja na wananchi. Uchaguzi wa Desemba alishinda Roh huyohuyo, kwa sababu wapinzani Kim Young-sam na Kim Dae-jung waligawana kura. Filamu inaishia Juni, umati ukiwa barabarani. Ningetaka ifike Desemba.

#6 Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mleta uzi, shukrani. Mbona hujaitaja Escape from Mogadishu? Ile mwisho wake ni huku kwetu, ndege yatua Mombasa. Mzee wangu aliipenda sana, alisema vita vile vya Somalia twavijua kwa wakimbizi tulioishi nao, hakutarajia kuviona katika filamu ya Wakorea.

#7 Mleta uzi

Ahsante sana ndugu yangu, na mzee mpe salamu zangu. Nilikuwa nimeipangia baadaye, ila tuingie sasa.

Wasioijua: ni ya Ryoo Seung-wan, 2021, na ndiyo filamu ya Kikorea iliyoongoza kumbi za kwao mwaka ule. Kisa ni cha kweli. Mwishoni mwa 1990 vita viliingia Mogadishu. Balozi wa Korea Kusini na balozi wa Korea Kaskazini walikuwepo wote pale, na kwa miaka walikuwa wakitegana, kila mmoja anatafuta kura za Afrika kwenye Umoja wa Mataifa. Waasi wanaingia, askari wa rais Siad Barre wanaranda na bunduki, na watu wa Kaskazini wanajikuta wanabisha mlango wa ubalozi wa Kusini na watoto wao usiku. Wanaondoka pamoja kwenye msafara wa magari yaliyokingwa kwa vitabu na mifuko ya mchanga hadi ubalozi wa Italia. Ndege ya Italia inawatoa Januari 1991 mpaka Mombasa. Picha zilipigwa Essaouira, Morocco, maana raia wa Korea Kusini hawaruhusiwi na sheria yao kusafiri Somalia.

Tazama tena swali lilelile: balozi afungue lango au asifungue? Sheria ya usalama wa taifa ya kwao inaweza kumfunga kwa kukaa na mtu wa Kaskazini. Afisa wa ujasusi aliye naye ndani anaanza kutunga hati za kuonyesha wageni wamehamia Kusini kwa hiari. Palepale, kwenye njaa na risasi, vita vya Korea vinaendelea kwenye meza ya chakula. Na Mombasa, wakishuka kwenye ndege, kila upande unasubiriwa na watu wake. Wanaachana bila kupeana mkono na bila kugeuka.

Mashindano yale ya kutafuta kura yalitugusa na sisi. Tanzania ilianza uhusiano na Kaskazini mwaka 1965. Na Kusini tulisubiri hadi 1992, mwaka mmoja baada ya Korea zote mbili kuingia Umoja wa Mataifa siku moja, 17 Septemba 1991. Kenya ilianza na Kusini tangu 1964.

Lawama yangu kwa filamu hii ni moja na ni nzito. Wasomali humo ni moshi, kelele na bunduki. Watoto wenye silaha wanacheka, umati unakimbia, basi. Filamu iliyoweza kumpa kila mwanadiplomasia hofu yake na mke wake haikumpa Msomali hata mmoja nafasi ya kueleza kwa nini mji wake unaungua.

#8 Mleta uzi

Upande wa tamthilia sasa.

Mama wa zote ni Sandglass, ya kituo cha televisheni cha SBS, Januari na Februari 1995, sehemu 24. Mwandishi ni Song Ji-na. Ndiyo iliyoweka mauaji ya Gwangju sebuleni kwa watu, ikiwa na picha halisi za tukio, miaka 15 baada ya damu kumwagika. Watu walikuwa wakiwahi nyumbani barabara zikabaki nyeupe. Siku ya kilele, watazamaji walivuka asilimia 60. Mwisho wa mwaka huohuo ilitungwa sheria maalumu iliyofungua njia ya kuwashtaki Chun na Roh. Sisemi tamthilia ndiyo iliyowafunga, ila mtu aliyeiona Gwangju kwa macho yake usiku mzima na familia yake hawezi tena kuambiwa zilikuwa vurugu za wahuni.

Kwa walio na haraka na wanaotaka kuelewa Korea ya leo, Designated Survivor: 60 Days ya mwaka 2019 ni ya lazima. Wameichukua hadithi kutoka Marekani: bomu linalipua Bunge, rais na mawaziri wanakufa, anabaki waziri wa mazingira, anayechezwa na Ji Jin-hee. Ila kule Marekani anayebaki anakuwa rais kamili. Katiba ya Korea haikubali. Kiti cha rais kikiwa wazi, uchaguzi ufanyike ndani ya siku 60, na anayeshika nafasi ni kaimu tu. Kwa kifungu hicho kimoja hadithi nzima imebadilika. Huyu mhadhiri wa kemia aliyevaa uwaziri bila kuupenda anauliza kila asubuhi: kaimu ana haki ya kuamua jambo gani? Anaweza kufukuza jenerali? Anaweza kutangaza hali ya hatari? Na siku hizo 60 si za kwenye tamthilia. Rais Park Geun-hye, binti wa Park Chung-hee, aliondolewa na Mahakama ya Katiba 10 Machi 2017, uchaguzi ukawa 9 Mei. Rais Yoon Suk-yeol aliondolewa 4 Aprili 2025, uchaguzi ukawa 3 Juni. Hesabuni wenyewe.

Stranger, ambayo kwao ni Msitu wa Siri, ina misimu miwili, 2017 na 2020. Cho Seung-woo ni mwendesha mashtaka ambaye upasuaji wa ubongo utotoni ulimpunguzia hisia. Bae Doona ni afisa wa polisi mwenye utu wote ambao mwenzake amenyimwa. Ili muielewe lazima mjue kwamba mwendesha mashtaka wa Korea kwa miongo mingi alikuwa na nguvu mbili kwa pamoja, kuongoza upelelezi na kuamua peke yake nani ashtakiwe. Akiamua faili lilale, linalala. Msimu wa pili unahusu ugomvi wa polisi na waendesha mashtaka kugawana madaraka hayo, na ulitoka miezi michache kabla sheria mpya kuanza kazi Januari 2021. Ni msimu mzito, wa vikao na mabishano ya vifungu, wengi waliukimbia. Mimi nauona bora kuliko wa kwanza.

Chief of Staff ya 2019 ni ya Lee Jung-jae kabla dunia haijamjua kwa Squid Game. Msaidizi wa mbunge anayepika kila kitu, bosi anapakua. Msimu wa kwanza ni mkali, wa pili umelegea. The Whirlwind ya Netflix, 2024, nimeimaliza kwa taabu: waziri mkuu anaamua kumuua rais fisadi ili asafishe nchi, na baada ya hapo kila sehemu ni mtego juu ya mtego hadi hakuna anayeonekana binadamu. Kim Hee-ae ndiye aliyenibakiza.

#9 Mchangiaji, Muscat

Ndugu, naheshimu kazi yako, lakini mbona zote zaegemea upande mmoja? Majenerali wabaya, wanafunzi wazuri. Park Chung-hee ndiye aliyejenga viwanda na barabara. Mimi nafanya kazi na Wakorea huku, wazee wao wanamlilia mpaka leo.

#10 Mleta uzi

Wazee wanaomlilia wapo kweli kaka, na filamu zao zipo. Ode to My Father ya 2014 ni ya kizazi hicho, watu waliokwenda migodini Ujerumani na Vietnam ili wadogo zao wasome, na ilijaza kumbi. Mwaka 2024 filamu ya kumbukumbu ya kumtetea Syngman Rhee, rais wa kwanza, ilivuka tiketi milioni moja. Na kosa linatokea upande wowote: Snowdrop, tamthilia ya kituo cha JTBC, iliyowekwa mwaka 1987, ilimpa jasusi wa Kaskazini sura ya mwanaharakati mbele ya binti mpenzi wake. Ombi la kuisimamisha lilipata saini zaidi ya 300,000, wadhamini wakajitoa. Watu walikuwa na sababu, maana "wewe ni jasusi wa Kaskazini" ndilo kosa walilobambikiwa vijana waliozamishwa kwenye maji.

Ila kuna jambo halina usawa. Waliotengeneza filamu zisizopendwa na Ikulu waliadhibiwa. The Attorney ya 2013 ilimchukua Song Kang-ho kama wakili wa kodi mjini Busan anayewatetea vijana walioteswa, hadithi iliyotokana na ujana wa rais Roh Moo-hyun na kesi ya Burim ya 1981. Tiketi zaidi ya milioni 11. Utawala wa Park Geun-hye ulikuwa na orodha ya siri ya wasanii wa kunyimwa msaada wa serikali. Oktoba 2016 ilifichuka orodha yenye majina 9,473. Song alikuwemo. Bong Joon-ho, mwongozaji wa Parasite, alikuwemo. Miky Lee wa CJ, kampuni iliyo nyuma ya filamu hiyo, alishinikizwa kutoka Ikulu aachie uongozi, na mshauri wa rais aliyepeleka ujumbe huo alitiwa hatiani. Februari 2020, Parasite ilipochukua Oscar ya filamu bora, walisimama jukwaani wote watatu.

#11 Mleta uzi

Mniruhusu moja la mwisho, ndilo lililonifanya nianzishe uzi.

3 Desemba 2024, saa 4 na nusu usiku hivi, rais Yoon alitangaza sheria ya kijeshi, ya kwanza tangu enzi za Chun. Helikopta zikashusha askari Bungeni, wakavunja madirisha. Wafanyakazi wa Bunge wakaziba milango kwa viti na kurusha dawa ya mitungi ya zimamoto. Spika akaruka ukuta. Saa 7 usiku wabunge 190 walikuwa ndani, wote 190 wakapiga kura ya kuifuta, na katiba inasema zaidi ya nusu ya wabunge wote wakitaka hivyo rais lazima aitii.

Baadaye, mbele ya Mahakama ya Katiba, kanali mmoja wa kamandi ya ulinzi wa mji mkuu alieleza kwamba aliamriwa aingize watu wawatoe wabunge nje. Hakuitekeleza, na kikosi kilichokuwa kinakuja nyuma yake akakiambia kisivuke daraja la Seogang. Kamandi hiyo ni ileile iliyoshindwa usiku wa 12 Desemba 1979, na safari hii swali la daraja lilijibiwa tofauti. Hukumu ya 4 Aprili 2025 iliyomwondoa Yoon ilisema wazi kwamba Bunge liliweza kukutana kwa sababu ya upinzani wa wananchi na kusitasita kwa askari na polisi katika kutekeleza amri.

Zaidi ya watu milioni 13 walikuwa wameiona 12.12 kabla ya usiku huo.

#12 Mchangiaji, Arusha

Mkuu umenishika. Nianze na ipi? Mke wangu hapendi za kusoma maandishi chini muda mrefu.

#13 Mleta uzi

Anzeni na A Taxi Driver, shemeji ataipenda, ina kicheko na ina machozi. Halafu The Man Standing Next, 12.12 na 1987 kwa mfuatano huo, maana matukio yake yanafuatana kwa miaka. Escape from Mogadishu wakati wowote, maneno ni machache. Tamthilia anzeni na 60 Days, Stranger iwe ya siku mkiwa na utulivu. The Whirlwind iacheni mwisho kabisa. Mkishaangalia 1987 rudi hapa unipe maoni yako kuhusu yule askari magereza.